Si Kila Cheusi Hutunza Joto

Katika masomo ya fizikia ya shule za sekondari kuna kanuni ambayo mwanafunzi huikariri mapema: uso mweusi hufyonza joto vizuri kuliko uso mweupe au ule unaong'aa. Mwalimu huweka makopo mawili ya maji juani, moja limepakwa masizi na jingine limesuguliwa likametameta, na baada ya muda kipimajoto hutoa ushahidi. Aghalabu somo huishia hapo, na wanafunzi huondoka wakiamini kwamba mtu anayetaka kulitumikisha jua anahitaji bati na rangi nyeusi tu.

Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kanuni. Nusu ya pili, iliyoelezwa na mwanasayansi wa Ujerumani Gustav Kirchhoff mnamo mwaka 1859, ni kwamba uso unaofyonza vizuri mionzi ya namna fulani ndio unaoitoa vizuri mionzi ya namna hiyo hiyo. Makopo yale yale yakijazwa maji ya moto na kuwekwa kivulini, lenye masizi ndilo litakalotangulia kupoa. Weusi wa kawaida, basi, ni mlango usio na komeo: joto huingia kwa wepesi na kutoka kwa wepesi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wilaya za Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani. Kwa miaka mingi msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini, ulio katika wilaya hizo mbili, umekatwa kwa ajili ya mkaa unaopelekwa Dar es Salaam. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi huko Kisarawe, ambayo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, nayo imeumia vivyo hivyo. Wakati huo huo jua huwaka kila siku juu ya mapaa ya shule, hospitali na viwanda vinavyohitaji maji ya moto na mvuke. Wilaya hizo zinaweza kupata sehemu ya joto hilo kutoka kwa jua, na siri ya kulipata imo katika mpako mwembamba kuliko ukoga wa kisu. Lakini mpako huo haufai kununuliwa kwa sifa ulizozipata jangwani. Hapana budi upimwe kwanza katika hewa ya Pwani.

Hesabu ya bati moja

Mwalimu yeyote mwenye ubao na chaki anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake ukubwa wa tatizo. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, kila mita mraba ya bati lililoelekezwa juani hupokea wati 1,000 hivi. Bati hilo nalo hutoa mionzi yake lenyewe, ambayo jicho haliioni, na kiasi chake huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto lake likipimwa kwa kelvini. Hiyo ndiyo kanuni ya Stefan na Boltzmann.

Tuseme bati ni jeusi kabisa, upande wa nyuma umezuiwa usipoteze joto, halikufunikwa kioo, na upepo hauligusi. Likifika nyuzi 100 za sentigredi, hutoa wati 1,100 hivi kwa kila mita mraba. Katika mazingira yenye nyuzi 27 hurudishiwa wati 460 hivi, hivyo hasara halisi ni wati 640. Kati ya wati 1,000 zilizopokewa, zimebaki 360 tu za kufanyia kazi. Joto likizidi kupanda, hasara huongezeka mpaka ilingane na pato. Hesabu inaonyesha kwamba hali hiyo hufikiwa kwenye nyuzi 127 hivi. Hapo bati halitoi kazi yoyote tena: kila linachopokea hukirudisha angani.

Sasa tuseme bati hilo hilo limepakwa kitu kinachofyonza asilimia 95 ya mwanga wa jua, lakini kinachotoa asilimia 10 tu ya mionzi ambayo kitu cheusi kingetoa. Kwenye nyuzi 100 hasara yake ni wati 64 hivi, si 640. Kinadharia bati hilo lingeweza kupanda hadi kupita nyuzi 350 kabla ya hasara kulingana na pato. Jua ni lile lile, na bati ni lile lile. Kilichobadilika ni ngozi ya bati.

Mwanafunzi makini atauliza: je, huko si kuivunja kanuni ya Kirchhoff? La hasha. Kanuni husema juu ya mionzi ya namna moja, na hapa ziko namna mbili. Mwanga wa jua hutoka kwenye uso wenye kelvini 5,800 hivi, na karibu wote una mawimbi yenye urefu ulio kati ya mikromita 0.3 na 2.5. Bati lenye nyuzi 100 hutoa mawimbi marefu zaidi, ambayo kilele chake kiko karibu na mikromita 8. Hata likifika nyuzi 400 kilele hicho hubaki kwenye mikromita 4 na ushei. Makundi hayo mawili ya mawimbi hayachanganyiki sana. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza uso ulio mweusi kwa kundi la kwanza na unaong'aa kama kioo kwa kundi la pili. Jicho la mwanadamu huona weusi peke yake, kwa sababu lenyewe huliona kundi la kwanza tu.

Uso wenye tabia mbili

Mnamo mwaka 1955 Harry Tabor wa Israeli alionyesha kwamba metali inayong'aa ikipakwa utando mweusi mwembamba sana hupata tabia hiyo ya kuchagua. Tangu hapo mipako mingi imebuniwa, na iliyo bora hujengwa kwa chembe zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya mamilioni elfu ya mita, na unywele wa mtu una upana wa nanomita elfu kadhaa mara kumi.

Mpako wa namna hiyo hufanya kazi hivi. Chini kuna metali inayong'aa, ambayo hurudisha mawimbi marefu. Juu yake kuna tabaka la kauri, kwa mfano oksidi ya alumini, lenye chembe ndogo mno za metali ndani yake. Mwanga wa jua ukiingia katika tabaka hilo hunaswa kati ya chembe hizo na kugeuka joto. Mawimbi marefu hupita kana kwamba tabaka halipo, nayo hukutana na kioo cha metali kilicho chini. Gurudumu la lori likipita juu ya changarawe halihisi punje moja moja, ilhali sisimizi hana budi kuipanda na kuishuka kila moja. Tofauti ya mawimbi mafupi na marefu mbele ya mpako huu inafanana na hiyo.

Njia moja ya kuutengeneza iliandikwa na watafiti wa Sweden mnamo mwaka 1980. Bati la alumini hutumbukizwa katika asidi na kupitishiwa umeme, na juu yake huota tabaka la oksidi lenye vitundu vyembamba mno. Kisha vitundu hivyo hujazwa nikeli, kwa umeme vilevile. Uso unaopatikana hufyonza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa jua na hutoa chini ya asilimia 20 ya mionzi ya joto. Njia nyingine iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, katika miaka ya 1980, ambapo tabaka za alumini na naitrojeni hupakwa ndani ya mrija wa vioo viwili uliotolewa hewa. Mirija ya aina hiyo leo imeenea juu ya mapaa katika nchi nyingi.

Kwa mitambo ya joto kali zaidi, mpako ni jambo la kufa na kupona. Uso mweusi wa kawaida wenye nyuzi 400 hutoa zaidi ya wati 11,000 kwa kila mita mraba. Hakuna bati tambarare liwezalo kuvumilia hasara hiyo, na ndiyo sababu hutumiwa vioo vilivyopindwa kama hori, vinavyokusanya jua la eneo pana juu ya bomba jembamba. Afrika si mgeni wa kazi hiyo: mnamo mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman aliendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa vioo vya namna hiyo huko Maadi, nchini Misri. Kati ya mwaka 1984 na 1990 mitambo tisa yenye jumla ya megawati 354 ilijengwa katika jangwa la California, na mnamo mwaka 2016 Moroko ilizindua mtambo wa megawati 160 huko Ouarzazate. Shuman alikuwa na rangi nyeusi tu. Waliomfuata walikuwa na mpako unaochagua, na ndio uliowawezesha kuufikisha umajimaji wa mabomba yao karibu na nyuzi 400.

Pwani si jangwa

Hapa ndipo hekima inapohitajika. Mtu akizisoma habari za Ouarzazate anaweza kutamani vioo kama vile vipangwe kando ya barabara ya Morogoro. Lakini vioo vya kukusanya mwanga hutumia tu miale inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua. Miale iliyotawanywa na mawingu na mvuke wa hewani haiwezi kukusanywa mahali pamoja. Kibaha na Kisarawe ziko jirani na Bahari ya Hindi. Zina masika, zina vuli, na hata siku za kiangazi mawingu hupita na hewa huwa na unyevu. Kwa vioo vya namna hiyo, nyanda kavu za Dodoma na Singida zina haki ya kufikiriwa kwanza.

Hata hivyo, wilaya hizi hazihitaji nyuzi 400. Mahitaji yake yako chini zaidi. Kuchemsha maharage na kupika ugali wa mamia ya wanafunzi huhitaji mvuke uliozidi nyuzi 100 kidogo. Kutakasa vyombo vya hospitali kwa mvuke huhitaji nyuzi 121 kwa muda usiopungua robo saa. Kazi kama hizo zinawezwa na mirija isiyo na hewa yenye mpako unaochagua, nayo hufyonza hata mwanga uliotawanyika. Kwa upande mwingine, kukausha muhogo hakuhitaji mpako huu hata kidogo. Sanduku lenye kioo na rangi nyeusi ya bei nafuu linatosha. Kumwuzia mkulima wa Kisarawe mpako wa nanomita kwa ajili ya makopa yake ni kumpotezea fedha.

Wapo watakaouliza: kwa nini joto la jua, hali Taifa limekwisha kujenga bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na gesi ya kupikia inapatikana madukani? Swali hilo ni la haki. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unakusudia kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Umeme na gesi vitabeba sehemu kubwa ya mzigo huo, nayo ni sawa. Lakini gesi hulipiwa kila mtungi na umeme kila uniti, mwaka hata mwaka. Mtambo wa jua hulipiwa zaidi mwanzoni. Ukiyapasha maji ya jikoni hadi nyuzi 90 kabla ya gesi kuwashwa, sehemu kubwa ya gharama ya kuchemsha imeepukwa. Siku za masika na chakula cha jioni vitabaki kuhitaji gesi, na asemaye vinginevyo anawadanganya wakuu wa shule. Uwezekano wenyewe umekwisha kuthibitishwa mbali na hapa: huko Tirupati, India, tangu mwaka 2002 mvuke uliotokana na vioo vya jua umetumika kupikia chakula cha maelfu ya mahujaji.

Hatari iliyopo ni nyingine. Mtambo wa jua hauna faida usipodumu miaka mingi, na uhai wake ni uhai wa mpako wake. Mipako hii hufa kwa njia zinazojulikana. Joto likizidi, chembe za nikeli hugeuka oksidi, nazo hupoteza sifa ya metali. Umande ukitua usiku juu ya bati, oksidi ya alumini hunywa maji na kubadilika umbo, na uwezo wa kuzuia joto lisitoke hupungua. Unyevu ukichanganyika na gesi ya salfa itokayo kwenye moshi, kutu huanza. Kwa kuwa hatari hizo zinafahamika, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mnamo mwaka 2014 kiwango namba ISO 22975-3, kinachoeleza jinsi ya kuyajaribu mabati yenye mpako kwa joto, kwa umande na kwa hewa chafu.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba mpako uliokufa huweza kubaki mweusi. Mkuu wa shule hupanda darini, huona mabati yake meusi kama siku yalipofungwa, na hudhani mambo ni shwari, ilhali maji hayafiki tena joto la jana. Baadaye husema kwamba jua limeshindwa, na wenzake wote humwamini. Teknolojia nyingi njema zimeaga dunia kwa ushahidi wa namna hiyo.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, jua la wilaya hizi lipimwe kwa mwaka mzima, miale ya moja kwa moja ikitenganishwa na ile iliyotawanyika. Bila takwimu hizo, kila makadirio ya muuzaji ni utabiri wa mpiga ramli.

Pili, vipande vya mipako mbalimbali viwekwe nje chini ya kioo, Kibaha, Kisarawe na mahali pakavu kama Dodoma, na kila baada ya miezi kadhaa vipelekwe maabara. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden katika utafiti wa nyuso na tando zinazohusu nishati ya jua. Ujuzi wa kupima haukosekani. Kinachokosekana ni vipande vilivyozeeka katika hewa ya nyumbani. Shirika la Viwango Tanzania nalo liwadai waingizaji wa mitambo waonyeshe matokeo ya majaribio ya umande, si ya joto kavu peke yake.

Tatu, shule zishiriki. Shule ya Sekondari ya Kibaha imo katika Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki. Kisarawe ina Shule ya Minaki, yenye historia ndefu. Shule mbili za aina hiyo zikiweka masanduku yaliyo sawa, moja lina bati lenye mpako unaochagua na jingine lina bati la rangi nyeusi, na wanafunzi wakaandika joto kila siku saa sita kwa miaka miwili, Taifa litapata kumbukumbu ambazo hakuna mgeni awezaye kuziandika. Gharama yake ni vioo, mbao na vipimajoto. Wanafunzi watajifunza pia kukikagua kifaa chenyewe: mrija usio na hewa una doa la fedha kwenye ncha yake, na doa hilo likigeuka jeupe, hewa imekwisha kuingia.

Wako wanaopenda kusema kwamba Kisarawe ina kaolini ya Pugu, yenye alumini ndani yake, na Ngara ina nikeli ya Kabanga, hivyo Taifa lijengewe kiwanda cha mipako mara moja. Nia ni njema, lakini wameanzia mwisho. Bati la mita mraba moja huhitaji gramu chache tu za nikeli, na oksidi yake huota kwenye alumini yenyewe. Uchache wa madini haujawahi kuwa kikwazo hapa. Kiwanda kisichojua bidhaa yake inaishi miaka mingapi katika unyevu wa Pwani kitauza matumaini, na matumaini hayana dhamana.

Mnamo Agosti 1977 Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi liliwakutanisha wataalamu jijini Dar es Salaam kujadili nishati ya jua kwa ajili ya vijiji vya Tanzania. Tangu hapo mipako imekuwa bora na mirija imekuwa rahisi, lakini magunia ya mkaa yameendelea kutoka Ruvu Kusini. Maarifa ya jua hayakosekani duniani. Yanayokosekana ni vipimo vya hapa nyumbani, na vipimo huanza na mtu mmoja kuweka bati juani, kuandika tarehe, na kurudi kesho yake kusoma kipimajoto.